Mgongo wa Ramesses II uliugua nini?

Farao Ramesses II alitawala Misri miaka 66 akafariki akikaribia miaka 90. Maiti yake iliyokaushwa zaidi ya miaka 3,200 iliyopita iko Cairo. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba aliugua spondilaitisi ya kukakamaza, yabisi inayoanza ujanani na kuunganisha pingili za mgongo hadi mtu ashindwe kugeuka.

Utambuzi huo ulitokana na eksirei. Kwa maiti za kale, eksirei hupotosha: hulaza mbavu, pingili na utomvu wa wapaka dawa waliokausha maiti katika picha moja bapa. CT skani hukata mwili vipande vyembamba kwenye kompyuta, bila kuugusa kwa kisu. Mwaka 2014 Sahar Saleem, daktari bingwa wa radiolojia wa Chuo Kikuu cha Cairo, na mwanaakiolojia Zahi Hawass walichapisha matokeo ya skani za maiti 13 za kifalme, Ramesses akiwemo.

Jambo la kwanza la kutazama liko chini, pale mfupa wa kitako cha mgongo unaposhikana na mifupa ya nyonga. Spondilaitisi huanzia hapo: kingo za kiungo huliwa, kisha pande mbili hugandana. Kwa Ramesses kiungo hicho hakikuliwa wala kugandana. Juu, mbele ya pingili za kifua, mfupa mpya umetiririka kutoka pingili hadi pingili kama nta ya mshumaa, huku nafasi za diski, yaani mito laini kati ya pingili, zikiwa zimebaki. Ugonjwa huu huitwa DISH, na kwa kawaida huonekana zaidi upande wa kulia. Inaaminika kwamba mapigo ya mshipa mkuu wa damu ulio kushoto ndiyo huzuia mfupa kuota upande huo. Ni hali ya uzeeni, na huonekana zaidi kwa wenye kisukari na unene. Mwanawe Merenptah naye alikuwa nayo, pia Amenhotep III na Ramesses III.

Kuna mtego mwingine. Diski za maiti nyingi za Misri huonekana nyeupe mno kwenye picha, na zamani baadhi ya madaktari waliona humo alkaptonuria, ugonjwa wa kurithi unaofanya mkojo kuwa mweusi na kuharibu viungo. Leo wengi tunaona ni kazi ya chumvi na utomvu wa kukaushia. Hata neno mumiani, linalowatisha watoto wetu, limetokana na jina la lami ya kale iliyodhaniwa kutumika kukaushia maiti.

Sipendi kusoma kwamba farao huyu “aliteseka kwa maumivu”. Mfupa hauonyeshi maumivu, na wagonjwa wengi wa DISH hawajui kwamba wanayo mpaka wapigwe picha kwa sababu nyingine.

Tofauti ya magonjwa haya mawili haijaisha thamani. DISH ni ya wazee. Spondilaitisi huwapata vijana, na zipo dawa za kuituliza ikigunduliwa mapema. Kijana anayeamka mgongo umekaza kwa zaidi ya nusu saa, kisha ukalegea akianza kutembea, na hali hiyo ikadumu miezi mitatu, aende hospitali na aeleze hivyohivyo. Daktari ataanza kukagua kiungo kilekile kati ya kitako cha mgongo na mifupa ya nyonga.