Je, wajua kwa nini bati lililokatwa kwa grinda huwahi kuota kutu?

Chunguza paa la mabati ya rangi lililoezekwa miaka michache iliyopita. Kutu ikionekana mapema, mara nyingi utaikuta pale fundi alipokata: kwenye bonde la paa, kuzunguka bomba lililotoboa bati, au ukingoni alikopunguza urefu. Mwenye nyumba hulalamika kwamba ameuziwa bati feki, na huenda dukani hakuonewa kabisa. Kilichomponza ni kifaa cha kukatia.

Bati la paa ni chuma chembamba kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, kisha rangi juu yake. Kazi ya zinki si kukifunika chuma tu. Maji yakiingia, zinki ndiyo huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Ndiyo maana bati likikatwa vizuri ukingo wake hauozi mara moja hata kama chuma kiko wazi. Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi, na zinki iliyo pembeni mwa mkato huo mwembamba inatosha kuulinda. Ila lazima iwepo.

Grinda huiondoa. Diski ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na inakata kwa kusaga, hivyo joto ni kali mno. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, wakati chuma kinahitaji zaidi ya 1,400. Chuma kikiwa bado kigumu, zinki ya ukingoni imeshateketea na rangi imebabuka. Utauona mstari uliosawijika sambamba na mkato, na vinyuzi vya chuma vimening'inia upande wa chini.

Cheche nazo zina madhara yake. Kila cheche ni punje ya chuma inayowaka. Ikitua kwenye bati la rangi inaiunguza rangi na kuganda humo humo. Baada ya mvua chache punje hizo hushika kutu, na bati jipya linajaa madoa kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Hata mabati yaliyopangwa chini yakisubiri kupandishwa hayanusuriki, fundi akikatia juu yake.

Kwa bati jembamba, basi, tafuta kifaa kinachokata bila kuunguza. Mkasi wa bati wa mkono unatosha kwa mikato mifupi. Kwa mikasi yenye mipini ya rangi, mwekundu hukata kwa kupinda kushoto, wa kijani kulia, na wa njano hukata mstari ulionyooka. Mkasi wa umeme una kasi kwenye bati bapa, lakini migongo huusumbua. Hapo nibla ndiyo mkombozi, na mimi ningeichagua kuliko vyote kwa kazi ya paa. Ina kijino kinachopanda na kushuka, kikimega bati kidogo kidogo, hivyo inapita kwenye migongo na kukata hata duara. Ipo ya kufungwa kwenye drili, kwa fundi asiyetaka kununua mashine nzima. Vipande inavyodondosha ni vikali na hutoboa ndala, kwa hiyo vaa viatu vigumu.

Msumeno wa jigso hukubali ukiufunga wembe wa meno 21 hadi 24 kwa inchi na kulibana bati kati ya vipande viwili vya plaiwudi, la sivyo linapigapiga na kuchanika.

Grinda iache kwa nondo, mabomba na vyuma vya pembe. Ikiwa ndiyo pekee iliyopo saiti, katia chini, mbali na mabati mengine, fagia punje zote siku hiyo hiyo, kisha paka ukingo rangi yenye zinki kabla bati halijapandishwa juu.