Tangazo fiche: biashara iliyovaa kanzu ya habari

Ukipita soko la Mgandini hapa Tanga utakikuta kile kipaza sauti kinachojirudia tangu asubuhi: dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya. Kinakera, lakini hakimfichi mtu kitu. Hata mtoto wa chekechea anajua hapo pana muuzaji.

Tangazo fiche ni lile ambalo hulitambui kuwa ni tangazo. Limelipiwa kama mengine, ila limepewa umbo la kitu ulichozoea kukiamini: habari ya gazetini, mahojiano ya redioni, picha ya mtu maarufu akinywa chai kwake. Si lazima liwe na uongo ndani. Kinachofichwa ni mlipaji.

Mfano ninaoutumia sana darasani, Kidato cha Pili, ni wa redio. Mgeni anatambulishwa kuwa mtaalamu. Anaeleza vidonda vya tumbo kwa utulivu, mtangazaji anamsindikiza kwa maswali laini, wasikilizaji wanapiga simu kushukuru kwamba wamepona. Mwishoni inatajwa namba ya simu, taratibu, mara tatu, ili uandike. Mgeni yule alinunua muda wa kipindi. Wanafunzi husema wao walijua ni kipindi cha afya, na siwalaumu, kwa sababu ndivyo kilivyopikwa. Basi tunarudi nyuma: mtangazaji alimbana wapi? Hakupiga hata mmoja ambaye dawa haikumfaa? Mbona hospitali haikutajwa? Kwangu mimi, mahojiano yasiyo na swali gumu hata moja yanatia shaka kuliko hiyo namba ya simu.

Mtu atasema, lakini si huwa wanaandika? Ni kweli, magazeti na mitandao mingi huweka alama: "makala ya kulipiwa", "kwa hisani ya", "imedhaminiwa". Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kuwapima wanafunzi wa huko, wakiwemo wa umri wa miaka kama 12 hivi, kwa ukurasa wa habari wenye tangazo lililowekewa alama ya namna hiyo. Zaidi ya asilimia 80 ya wadogo hao waliliona ni habari ya kawaida. Alama ilikuwepo, ila haikuwaambia kitu.

Kwetu naona mambo ni mabaya zaidi, na lugha inahusika. Siku moja niliuliza darasa, "imedhaminiwa" maana yake nini? Kijana mmoja akajibu bila kusita: "Kuna mtu amesimama, mwalimu. Ikiwa ni uongo, anakamatwa yeye." Wenzake wakamuunga mkono. Nao hawakukosea Kiswahili! Mdhamini wanayemjua ni yule anayekwenda kumtoa ndugu polisi, au anayeweka saini kwenye mkopo wa kikoba cha mama. Kudhamini ni kubeba dhima. Kwa hiyo neno lililowekwa kumzindua msomaji ndilo linalomtuliza. Ningekuwa mhariri ningeandika "tangazo", basi, tena kwa herufi kubwa.

Kwenye simu wanafunzi wangu ni wajanja kunishinda. Chawa, yaani mpambe anayesifia kwa maslahi, wanamjua mara moja, kwa kuwa anasifu kupita kiasi. Anayewapita ni yule dada anayefundisha kusuka nywele, ambaye chupa ya mafuta haikosi pembeni yake na jina la mafuta hayo limeelekea kamera kila wakati.

Niliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja alete tangazo fiche lake. Msichana mmoja alileta daftari. Nyuma lina jedwali la kuzidisha, na chini yake picha ya soda. Nikamwambia hilo ni tangazo, ila si fiche, maana jina la soda limeandikwa waziwazi. Akanijibu kwamba mdogo wake, wa darasa la kwanza, hulikariri jedwali lote na kumalizia na jina la soda. Tulibishana mpaka kengele ikagongwa.