PCS na "selula" nchini Marekani: dhana potofu na ukweli

Mwishoni mwa 1995 Wamarekani walianza kuuziwa simu za huduma iliyoitwa PCS (Personal Communications Services, yaani huduma za mawasiliano binafsi). Iliuzwa kama kitu tofauti kabisa na simu za "selula" zilizokuwapo tangu mtandao wa kwanza wa kibiashara wa Marekani uwashwe Chicago, Oktoba 1983. Mkanganyiko mwingi ulitoka kwenye jina hilo.

Dhana: PCS si mtandao wa selula.
Ni wa selula mtupu. Selula ni eneo dogo lenye mnara wake, na ukihama eneo, mnara mmoja unaukabidhi mwenzake simu yako. PCS ilifanya hivyohivyo. Kilichozitofautisha kisheria ni masafa ya mawimbi ya redio: leseni za zamani zilikuwa kati ya megahezi 824 na 894, mbili tu kwa kila soko, za PCS kati ya 1850 na 1990, zikiwa zimekatwa vitalu sita. Kwa hiyo bei iliposhuka, sifa isiende kwa udijitali peke yake. Wauzaji nao walikuwa wameongezeka.

Dhana: selula ni analogi, PCS ni dijitali.
Nusu yake ni kweli. Analogi hurusha sauti kama wimbi lilivyo, dijitali huigeuza kwanza kuwa tarakimu. Kampuni za zamani nazo zilikuwa zikiweka dijitali kwenye masafa yao, na zililazimika. Katika analogi kila mazungumzo yanashika njia ya kilohezi 30 hadi mtu akate. Kampuni moja ilikuwa na njia 416, ambapo 21 ni za udhibiti na 395 za sauti. Zigawe kwa mpangilio wa kawaida wa selula saba, ili minara jirani isiingiliane, na kila selula inabaki na njia 56 hivi. Mtu wa 57 hapati laini.

Dijitali ilikuja kwa mifumo mitatu. TDMA iliwaweka watu watatu kwenye njia hiyohiyo, wakipokezana zamu. GSM ilitumia njia ya kilohezi 200 yenye zamu nane. CDMA iliwaacha wote waseme kwa pamoja ndani ya megahezi 1.25, kila mmoja na msimbo wake. Mifumo hii haikuelewana: simu ya CDMA haikusajiliwa kwenye mnara wa GSM hata masafa yakiwa yaleyale.

Dhana: dijitali hufika mbali zaidi.
Hapa ndipo wanunuzi wengi wa vijijini walipokwama. Kwa umbali uleule na antena za aina moja, mawimbi ya megahezi 1900 hupokewa yakiwa na takriban moja ya tano ya nguvu ya yale ya 850, na kuta na majani huyapunguza zaidi. PCS ilihitaji minara mingi, na mwanzoni haikuwa nayo. Nguvu ya simu yenyewe nayo ilihesabika: simu ya analogi ya kwenye gari ilirusha wati 3 kwa antena ya juu ya paa. Ya analogi ya mkononi ilirusha wati 0.6.

GSM ina ukuta mwingine tena. Simu ikiwa mbali, sauti yake hufika mnarani ikiwa imechelewa na kuingilia zamu ya mwingine. Mnara huiamuru itangulize kurusha, lakini kuna hatua 63 tu, kila moja kama mita 550. Ukipita kilomita 35 simu haishiki, hata mawimbi yakiwa na nguvu. Analogi haina kikomo hicho.

Dawa ya wakati huo ilikuwa simu ya mifumo miwili, inayorudi analogi dijitali ikikosekana. Gharama yake ni chaji: analogi hurusha mfululizo muda wote wa mazungumzo, ilhali GSM hurusha sehemu moja ya nane ya muda huo. Kampuni za selula ziliruhusiwa kuzima analogi tarehe 18 Februari 2008.

Dhana: sauti ya dijitali ni bora siku zote.
Analogi huanza kukwaruza kabla haijakatika, nawe unapata muda wa kusogea dirishani. Dijitali hubaki safi, kisha hukatika ghafla.

Dhana: dijitali haisikilizwi.
Analogi ilisikika kwa redio ya kunasa mawimbi, na namba za utambulisho wa simu zilirushwa wazi, ndiyo maana wezi walitengeneza simu pacha na bili ikamwendea mwenye namba. GSM ilisimba sauti, yaani iliigeuza msimbo wa siri, ila kati ya simu na mnara tu. Tena simu haikuuliza kama mnara ni wa kweli, kwa hiyo mnara bandia ungeweza kuidanganya.

Dhana: GSM ni GSM popote.
Simu ya megahezi 900 na 1800 iliyonunuliwa Dar es Salaam au Mombasa haikushika kitu New York. Kadi ya laini haikuwa na kosa: ukiihamishia kwenye simu ya 1900, na kampuni yako ikiwa na makubaliano na ya huko, inafanya kazi. Simu za CDMA na TDMA za Marekani hazikuwa hata na kadi ya kuhamisha. Namba iliandikwa ndani ya simu yenyewe.