Chura kagoma kula? Anza na joto la tangi

Kila ikifika Juni, Julai huku Arusha simu ni zilezile tu, daktari chura wangu hali, nimpe vitamini gani? Na mimi nauliza, humo ndani ya tangi kuna nyuzi ngapi? Kimya. Wengi hawana hata themometa. Chura mwili wake unafuata joto la mahali alipo, kukiwa na baridi tumbo nalo linalala, chakula hakisagiki, kwahiyo kukataa kwake ni akili sio ugonjwa. Hawa vyura wakubwa wa nyika, kitaalamu Pyxicephalus, mchana wanataka nyuzi 26 mpaka 29 hivi, zikishuka chini ya 20 mende atapita mbele ya pua yake na yeye anamtazama tu.

Alafu kuna ukame. Udongo ukikauka huyu anajifukia chini, ngozi ya juu inabanduka tabaka kwa tabaka ila anabaki nayo mwilini, mpaka inakuwa gamba jembamba kama ganda la kitunguu limemfunika kote isipokuwa matundu ya pua. Mwenye chura akifukua anajua kafa, au anaanza kumbandua. Jamani msimbandue! Ndo anavyotunza maji mwilini miezi na miezi akisubiri mvua. We loanisha udongo taratibu, rudisha joto, weka kisahani cha maji, atalivua mwenyewe na mara nyingi analila kabisa.

Maji yenyewe sasa. Chura anakunywa kwa ngozi, hasa ya tumboni, kwahiyo klorini ya bomba inaingia moja kwa moja. Laza maji siku nzima kwenye ndoo wazi, ila kama yamewekwa kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji, hiyo haitoki kwa kulaza, nunua dawa ya kuiondoa kwa wauza samaki wa mapambo.

Kinachoniudhi ni watu kumpanua mdomo wamshindilie nyama. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, mdogo ndo siku chache tu zinatosha kukupa wasiwasi. Na akiwa na upungufu wa kalsiamu taya linakuwa laini, linabonyea, hawezi kung'ata hata akitaka, sasa wewe ukilazimisha unalivunja. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, usiamini macho, hawa wanajijaza hewa.

Tumbo likiwa gumu huenda kameza kokoto. Mapaja mekundu, ngozi inabanduka ovyo, miguu imelegea, hapo nawaza fangasi ya kitridi, ileile inayotajwa kwenye kuporomoka kwa vyura wa korongo la Kihansi hapa Tanzania mwaka 2003, hadi 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Huyo usimwachie mtoni hata kidogo, na maji yake yatie jiki kabla ya kumwaga. Mlete kwenye kopo lenye matundu na tishu mbichi, na chupa ya maji ya tangi lake, na kinyesi kama kipo, picha ya tangi nitumie kabla hujatoka nyumbani.