Damu si nzito, wavu ndio umebana

Wiki jana mzee mmoja alirudi kwenye dirisha la maabara yetu, karatasi ya majibu mkononi. Ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na mwaka jana kiharusi kidogo kilimpitia. "Daktari," akaniambia (mimi ni mtaalamu wa maabara ya damu tu, lakini Nairobi hii mwenye koti jeupe ni daktari), "hapa wameandika damu yangu inaganda kawaida. Sasa mbona kila mtu ananiambia nina damu nzito?"

Nikamvutia kiti, maana hilo si swali la kujibiwa mtu akiwa amesimama.

Damu ya kipimo hicho huchotwa kwenye chupa yenye kifuniko cha samawati, ndani mna sitreti ya kuizuia isigande njiani. Tunaizungusha kwa mashine hadi chembe zitue chini, kisha tunachukua yale maji ya manjano yaliyobaki juu, plazima, na kuyatia kwenye kikombe kidogo kama ncha ya kidole. Mle ndani kuna gololi ya chuma inayobembea. Tukitia dawa ya kuanzisha kuganda, gololi hubembea, hubembea, halafu hunaswa. Mashine inaandika: sekunde 13. Basi. Imetuambia damu imeanza kuganda lini. Bonge lenyewe limefumwa vipi, haijui, na kwa mgonjwa wa sukari kisa kiko hapo.

Ini humwaga kwenye damu protini iitwayo fibrinojeni. Kwa kawaida utakuta gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya plazima. Ukijikata, kimeng'enya cha thrombini huikata na kuiondolea vipande vidogo, nayo iliyobaki ikashikana kuwa nyuzi za fibrini. Kisha faktari 13, protini nyingine ya damu, huja kuzishona nyuzi hizo pamoja. Kwa hadubini ya elektroni unaona wavu kabisa, chembe nyekundu zimenaswa ndani.

Nimekulia Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo najua nyavu si sawa. Kuna wa mbuta, yule samaki mkubwa, unaopitisha ngumi, na wa omena, wale dagaa wadogo, usiopitisha hata kidole. Bonge la mtu ambaye sukari yake imekaa juu muda mrefu huelekea kuwa la omena: nyuzi nyembamba, nyingi, zimebanana. Bonge likishaziba jeraha linapaswa kuyeyushwa na plasmini, ambayo ndiyo mkasi wa mwili. Mkasi huo hauingii kirahisi kwenye wavu wa omena.

Sukari inafanyaje hayo? Inajibandika. Haihitaji kimeng'enya, inahitaji muda na wingi tu. Kwenye fibrinojeni hushika penye laisini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga protini, na ni hapo hapo faktari 13 inaposhonea, na hapo hapo plasmini inapokatia. Mshonaji na mkasi wote wanakuta kiti kimekaliwa. Juu ya hayo, kisukari cha aina ya pili, hasa kikija na kitambi, huongeza protini iitwayo PAI-1, ambayo kazi yake ni kumzuia anayeunoa mkasi.

Chembe sahani nazo, zile zinazokimbilia jeraha kwanza, huwa na hasira za karibu sukari ikiwa juu. Cha ajabu ni kwamba sukari ikishuka mno pia huziamsha, kwa sababu adrenalini inapanda. Kwa hiyo wewe unayejidunga insulini asubuhi halafu unaruka chakula cha mchana kwa sababu ya foleni ya Thika Road, hujaisaidia mishipa yako.

Na damu nzito? Ipo, lakini ni jambo jingine. Sukari ikipanda vibaya hadi mtu akojoe maji yote mwilini, damu huwa nzito kweli, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Wengine wengi wanaochemsha kitunguu saumu na ndimu ili "kuyeyusha damu" wanapigana na kitu ambacho hakipo.

Mzee alitaka kujua kama naweza kumpimia huo wavu. Kwa kazi ya kila siku, hapana. Hufanywa kwenye maabara za utafiti, ambako humulika bonge kwa mwanga. Lenye nyuzi nene huonekana jeupe kama maziwa, na lile baya, lililobana, hupitisha mwanga zaidi. Hadi leo naona ni kichekesho kwamba bonge linaloonekana safi ndilo la kuogopwa.

Nikamwambia kipimo anachoweza kupata ni HbA1c, sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu. Chembe hizo huishi siku kama 120, ndiyo maana jibu lake ni la miezi mitatu. Fibrinojeni haikai hivyo: nusu yake huondoka ndani ya siku nne hivi, na ile mpya inayotoka kwenye ini hukutana na sukari ya wiki hii, si ya mwaka jana.

"Mara ya mwisho ulipima lini, mzee?"

Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Kabla mjukuu wangu hajaanza shule."

Mjukuu yuko gredi ya tatu. Nikamrudisha kwa daktari wa zamu akaandikiwe, naye aliporudi nilikuwa nimeshaiandaa chupa ya kifuniko cha zambarau.