Sisi wazima, mtoto ana selimundu: imetoka wapi?

Mimi na mume wangu hatuumwi. Mtoto wetu wa kwanza amekutwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Imekuwaje?

Pole sana, dada. Imetoka kwenu wote wawili, na hakuna wa kulaumiwa.

Chembe za mwili zina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, maelekezo ya kurithi. Gameti, yaani yai la mama na mbegu ya baba, hubeba nusu tu, 23. Zikiungana kwenye mrija wa uzazi, hesabu inarudi 46. Kwa hiyo kinasaba cha hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, mtoto anakipata mara mbili: kimoja kwa mama, kingine kwa baba.

Inaelekea nyinyi wote wawili mna AS: kimoja kizima, A, na kimoja cha selimundu, S. Hiyo A inatosha kuwaweka salama, ndiyo maana hamkujua. Lakini yai halibebi vyote viwili. Hubeba A au S. Mbegu vilevile. Yai lenye S likikutana na mbegu yenye S, mtoto anazaliwa SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Mama mkwe anasema ni ugonjwa wa ukoo wangu.

Mwelezeni kwa upole: mtoto hawi SS mpaka apokee S kwa baba pia.

Tumeambiwa mtoto mmoja kati ya wanne ndiye huumwa. Basi watatu wanaofuata watakuwa wazima?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kila mimba ni yai jingine na mbegu nyingine, hazijui aliyetangulia alipata nini. Kila mara uwezekano ni uleule: asilimia 25 SS, 50 AS, 25 AA. Wapo wenye watoto wanne wote wazima, na wapo waliopata wagonjwa wawili mfululizo.

Mmoja wenu angekuwa AA, yaani vyote viwili vizima, msingepata mtoto wa SS.

Kwa nini S ni nyingi huku kwetu?

Malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Wenye SS malaria huwaumiza vibaya, kwa hiyo chandarua kisikosekane.

Tufanye nini?

Kabla ya mimba nyingine, nendeni wote wawili mkapime aina ya hemoglobini. Kupima wingi wa damu peke yake hakuonyeshi S. Mtoto aanze kliniki ya selimundu sasa, asisubiri maumivu. Akipata homa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.