Ruzuku ya Pampu ya Joto Haiko Nakuru, Usiisubiri

Wiki iliyopita nilikuwa Kiamunyi, hapa Nakuru, kwa mwalimu mstaafu ambaye nyumba yake, pamoja na ya mwanawe iliyo katika ua huo huo, hutumia karibu lita 300 za maji moto kwa siku. Miaka miwili iliyopita nilimpigia hesabu ya pampu ya joto, mashine ya stima inayovuta joto la hewani na kulitia kwenye maji ya kuoga. Jibu alilonipa siku ile ndilo alilonipa tena: "Fundi, wacha kwanza. Kijana wangu wa Manchester anasema serikali inalipa pauni elfu saba na mia tano. Nangoja ifike huku."

Maneno haya nimeyasikia Lanet, Section 58, Njoro na hata Kisumu kwenye ukumbi wa kanisa. Yamenichosha, kwa sababu yanawala watu pesa kila mwezi wakidhani wanaziokoa.

Dhana: Kuna pesa za serikali za pampu ya joto, na ziko njiani

Pauni 7,500 zipo kweli. Kijana hakumdanganya babake. Zinatokana na mpango uitwao Boiler Upgrade Scheme, ulioanza mwaka 2022 kwa nyumba zilizo England na Wales. Mwanzoni pampu inayovuta joto la hewani ilipewa pauni 5,000, kisha Oktoba 2023 kiasi kikapandishwa. Pesa zenyewe hazipiti mkononi mwa mwenye nyumba. Fundi aliyeidhinishwa ndiye anayeziomba, na akizipata anazipunguza kwenye bili ya mteja. Pampu ni lazima ichukue nafasi ya boila (mtambo wa kupasha nyumba na maji) ya gesi au ya mafuta, ama mfumo wa zamani wa umeme, na iweze kupasha nyumba nzima pamoja na maji. Pampu ya maji ya kuoga peke yake haihesabiki. Kwa hiyo hata mwalimu angeihamisha nyumba yake aipeleke Manchester, mashine niliyompendekezea isingepata hata peni moja.

Wenye ndugu Marekani nao wana yao. Huko, kuanzia 2023, aliyefunga pampu nyumbani aliweza kudai asilimia 30 ya gharama, isizidi dola 2,000 kwa mwaka. Lakini lile lilikuwa punguzo la kodi ya mapato: asiyedaiwa kodi hakupata kitu. Isitoshe, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imelifuta kwa mitambo yote iliyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Video mnazotumiana kwenye WhatsApp zinaeleza jambo ambalo hata kule kwao limekwisha.

Serikali za huko zina sababu yao ya kulipa. Mamilioni ya nyumba hupashwa kwa gesi miezi mingi ya baridi, na bei ya gesi ilipaa vibaya Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022. Wanachonunua kwa ruzuku ni kuiondoa gesi majumbani. Nakuru hakuna boila ya gesi ya kuondoa. Nyumba zetu hazipashwi joto, na sehemu kubwa ya stima yetu tayari inatoka kwenye jotoardhi, maji na upepo. Hapa pesa za umma zimeelekezwa kuwafikishia watu stima yenyewe. Sioni ni kwa nini mtu akae akingoja tiba ya ugonjwa ambao hatuna.

Na kungoja kuna gharama. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 30, tuseme kutoka 18 hadi 48, kunahitaji karibu yuniti tatu na nusu kwa hiita ya kawaida. Pampu nzuri, kwa kila yuniti ya stima, huingiza kwenye maji joto la yuniti tatu hivi, kwa hiyo kazi hiyo hiyo itaifanya kwa yuniti moja na kidogo. Chukua shilingi 30 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo. Kwa lita 300 za mwalimu, hiita inakula shilingi 315 kwa siku na pampu 105. Tofauti ni shilingi 6,300 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 24 aliyongoja: shilingi 151,200. Niliyompigia hesabu yote, pamoja na kazi, ilikuwa shilingi 150,000. Pampu ameshailipia, ila haiko ukutani kwake.

Kuna jambo baya zaidi. Mteja wangu mmoja wa Lanet aliombwa kwa simu atume "ada ya usajili wa ruzuku", akatuma. Ile namba haikupatikana tena. Mimi sijawahi kuona fomu halali ya ruzuku ya pampu ya joto nchini. Anayekutoza pesa akuandikishe anakuibia, nalisema hivyo bila kupepesa.

Dhana: VAT imeondolewa, kwa hiyo bei itashuka

Msamaha wa VAT mnaousikia umelenga vifaa vya sola na upepo. Hata huo uliondolewa 2020 na kurudishwa 2021. Usijenge bajeti ya nyumba juu ya kitu kinachoweza kubadilika kila bajeti ya taifa inaposomwa. Muulize muuzaji bei ya mwisho, VAT ikiwa ndani, na uandikiwe.

Dhana: Nikiongeza sola, Kenya Power watanilipa

Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu kurudisha stima kwenye gridi, ila unachorudishiwa ni yuniti, nusu ya ulizotoa, si pesa taslimu. Kama una sola, tumia stima yako mchana, ndiyo faida yako. Iwashe pampu saa nane alasiri, jua likiwa kali na hewa ina joto. Anayeiwasha saa kumi na moja alfajiri anaibebesha kazi nzito bure.

Dhana: Pampu ya joto inatumia mvuke wa Menengai

Hapana. Mvuke wa Menengai na Olkaria ni ule wa jotoardhi, wa kuchimbwa chini ya ardhi. Mashine hii inavuta joto la hewa ya uani kwako, kama friji inavyolitoa joto ndani na kulitupa nyuma yake. Eyakondisheni ya Kisumu ni ndugu yake wa damu.

Dhana: Baridi ya Molo itaizima

Mashine hizi zinafanya kazi Norway penye theluji. Usiku wa nyuzi 8 au 10 utaipunguzia nguvu kidogo tu.

Kwa wa Kisumu nina neno tofauti. Maji yenu yanatoka bombani yakiwa na uvuguvugu tayari na mnaoga ya moto kidogo, kwa hiyo akiba ni ndogo. Familia ya watu watatu inayotumia lita 100 itaokoa chini ya shilingi 2,100 kwa mwezi, na gharama kama ya mwalimu ingechukua miaka sita au zaidi kurudi. Hapo mimi hushauri hiita ya sola ya juu ya paa. Hata Nakuru, kama paa linatazama jua na halina kivuli cha mti, naanza na sola.

Na kabla ya yote mawili, vika mabomba! Kila nyumba ninayoingia nakuta bomba la maji moto limepita juu ya dari likiwa uchi, mita kumi na tano hadi bafu la mwisho, na watu wanamwaga ndoo nzima ya maji baridi wakingoja ya moto. Sponji ya mabomba inauzwa hadweya yoyote mjini, na kuivika ni kazi ya asubuhi moja. Hiyo haina haja ya ruzuku ya mtu.

Mwalimu amekubali nimfungie mita ndogo kwenye waya wa hiita. Tutaisoma kwa siku 30, asubuhi na jioni, yeye mwenyewe akiandika kwenye daftari. Nimemwambia asimpigie mwanawe wa Manchester hadi tarehe ya mwisho ipite.